UZI: Transista za mwisho zimeungua? Usitie mpya kabla hujajua kilichoziua

Mwana_wa_Amu (Lamu), mwanzilishi wa uzi

Assalam aleikum wapenzi wa redio za ridhaa, wa Amu, Malindi, Mombasa na kokote mlipo.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali ni lile lile kila mara. Redio inapokea vizuri, lakini ukibonyeza maiki fyuzi inakatika, au mita ya wati haisogei. Fundi ameshasema transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenda kwenye antena, zimekwenda, na mwenye redio anataka tu kujua zinauzwa wapi. Namwomba kila mwenye shida hiyo asinunue kitu kwanza. Transista za mwisho haziungui bila ya kuunguzwa. Ukitia mpya na kile kilichounguza za kwanza bado kimo ndani ya bodi, au kiko huko juu darini kwenye antena, hizo mpya utazipoteza kwa sekunde chache, na siku hizi hazipatikani kirahisi.

Redio nyingi za zamani za wati 100, zile za volti 13.8, mwishoni zina jozi ya transista zinazopokezana: moja inashika nusu ya wimbi, ya pili nusu iliyobaki. Mashuhuri kuliko zote ni 2SC2879 ya Toshiba, wati 100 za kilele kwa volti 12.5, mkondo wa kolekta (mguu wa kutolea nguvu) usipite ampea 25. Toshiba waliacha kuitengeneza zamani. Redio za karibuni zinatumia MOSFET (transista za aina nyingine, zinazoendeshwa kwa volti) za Mitsubishi, kama RD16HHF1 ya wati 16 na RD100HHF1 ya wati 100. Vijana wanaojiundia redio ndogo wanapenda IRF510, ambayo asili yake ni ya kuwasha na kuzima umeme, si ya redio, lakini inakubali kazi na bei yake ni ya chini.

Huku kwetu pwani zinauawa na nini? Kwa ninayoyaona mimi, antena ndiyo ya kwanza. Kusi inaleta mvua na chumvi, kaskazi inakausha, na kutu ya kijani inaota ndani ya PL-259, plagi ya waya wa antena, huku nje inang'aa. Siku kiungo kinapoachia katikati ya mazungumzo, nguvu iliyokuwa inakwenda hewani inarudi kwenye kolekta kama joto na volti za ziada. Redio nzuri hujipunguza yenyewe SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ikipanda, lakini ulinzi huo ni sakiti ndogo ya dayodi mbili na rezista kadhaa, nayo hufa kimya kimya. Kuziba kiungo cha antena ni kama kutia kalafati: ukibakisha mshono mmoja, maji yatauona. Tumia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uizungushe kutoka chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike uliotangulia na maji yatiririke juu yake.

Kisha joto. Pesti iliyo baina ya transista na hitisinki (chuma cha kupoozea) inakauka ikawa unga. Feni inashikwa na chumvi. Redio ikiwekwa karibu na dirisha linaloelekea bahari, mwaka mmoja unatosha.

La tatu ni umeme wa jua. Wengi wetu visiwani tunaendesha redio kwa betri na paneli. Betri ya risasi ikichajiwa hufika volti 14.4, na hapo hakuna tatizo, kwa kuwa redio nyingi zinavumilia asilimia 15 juu ya 13.8. Tatizo ni paneli inayoitwa ya volti 12: ikiwa haina mzigo hutoa karibu volti 21. Ukichomoa betri na paneli bado imeunganishwa, au kidhibiti cha chaji kikiwa kibovu, volti hizo zinaweza kufika kwenye redio. Chomoa paneli kwanza, betri mwisho. Ukirudisha, betri kwanza.

La nne ni bayasi, ile volti ndogo inayoiweka transista tayari kwa kazi, nalo ndilo linalosahauliwa na mafundi. Nitalirudia chini.

Tahadhari moja kabla ya maswali, na hii naomba ichukuliwe kwa uzito. Transista nyingi za nguvu za redio, 2SC2879 ikiwemo, zina kauri nyeupe ya oksidi ya berili chini ya kifuniko. Ikiwa nzima haina madhara. Ikivunjwa, ikisagwa au ikipigwa tupa, vumbi lake linaharibu mapafu na halina dawa ya kuliondoa. Msiipasue kwa udadisi, msiwaachie watoto waichezee, msiitupe kwenye moto wa taka.

---

Sabaki40 (Malindi)

Ami, shikamoo. Hili limenifika mimi. Redio yangu ni ya wati 100, ya Kijapani, ya zamani. Ilikufa jioni nikiwa kwenye bendi ya mita 40. Nikapelekewa 2SC2879 mbili, fundi mmoja hapa mjini akazitia. Nilipobonyeza maiki tu, bila hata kusema neno, zikapata moto na fyuzi ikakatika. Sasa nimebaki na jozi mbili za maiti. Antena ni waya wa mita 10 kila upande baina ya minazi miwili, na SWR ilikuwa nzuri.

---

Mwana_wa_Amu

Marahaba mwanangu, pole sana. Umesema neno moja ambalo limenitosha: ulibonyeza bila kusema. Katika SSB, namna ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, usiposema hakuna nguvu inayokwenda kwenye antena. Kwa hiyo antena haina lawama katika kifo cha jozi ya pili. Kilichobaki ni bayasi, au transista zenyewe kuwa bandia, au risasi ya kulehemu iliyomwagika ikaunganisha pedi (vibati vya shaba vya bodi).

Fanya hivi. Toa hizo maiti. Usiwe na haraka nazo, miguu yake ni mipana na imelala juu ya pedi. Ukitumia pasi ndogo ya wati 30 utahangaika mpaka pedi ing'oke kwenye bodi. Pasi ya wati 80 au 100, nyonya risasi yote kwa waya wa shaba uliosukwa, kisha inua mguu mmoja mmoja.

Zikishatoka, pima kwa mita ikiwa kwenye alama ya dayodi. Besi (mguu wa kuamrisha) kwenda emita (mguu unaokwenda ardhini) isome volti 0.6 hadi 0.7, besi kwenda kolekta vivyo hivyo, na kolekta kwenda emita isipitishe upande wowote. Zilizoungua mara nyingi husoma sifuri baina ya kolekta na emita. Usipime zikiwa bado kwenye bodi: transfoma ya kuingilia inaunganisha besi na njia ya bayasi, na mita itakudanganya.

Halafu, bila transista yoyote, washa redio, weka mzigo bandia wa omu 50 (rezista kubwa inayokaa mahali pa antena), chagua SSB, bonyeza maiki unyamaze. Pima volti kwenye pedi ya besi. Nijibu umepata ngapi.

---

FundiStima_Msa (Mombasa)

Sheikh wangu, naongezea. Asisahau kupima transista za dereva, zile ndogo zinazozisukuma za mwisho. Hatua ya mwisho ikifa kwa kolekta kushikana na besi, volti 13.8 zinarudi nyuma, na vitu vinavyofuata ni rezista ndogo za besi, dayodi ya bayasi na wakati mwingine dereva. Pia zile rezista za kurudisha mawimbi kutoka kolekta kwenda besi. Zikiungua huwa nyeusi, lakini nimeona zilizo wazi na rangi zake bado nzuri.

Na mimi nauliza: imeungua moja, ya pili inapima nzima. Wateja hawataki kununua mbili. Kuna ubaya gani kutia moja?

---

Mwana_wa_Amu

Ahsante kwa hayo ya rezista, ndiyo yenyewe.

Kutia moja, mimi sikubali. Ile iliyobaki imepita kwenye moto ule ule hata kama mita inasema nzima. Na jozi inatakiwa ifanane, maana zote mbili zinakula bayasi moja. Zikiwa na ukuzaji tofauti, moja inabeba mzigo wa mwenziwe, inapata joto zaidi, ikipata joto inavuta zaidi. Hata isipoungua, mawimbi yanakuwa na upande mmoja mzito, na masafa ya mara mbili ya yale unayorushia yanazidi kutoka. Kichujio kilicho kabla ya antena kitazuia kiasi, si yote. Sisi tuna leseni za Mamlaka ya Mawasiliano na alama za wito za 5Z4. Usafi wa mawimbi yetu ni heshima yetu kwa jirani anayesikiliza.

Kwa transista za kawaida mpe muuzaji sharti la jozi iliyolinganishwa. Kwa MOSFET unaweza kulinganisha mwenyewe: pitisha mkondo ule ule wa dreni (mguu wa kutolea nguvu) kwenye kila moja, uangalie volti za geti (mguu wa kuamrisha) zinazohitajika. Karatasi ya RD16HHF1 inaruhusu kizingiti cha geti, yaani volti inapoanza kufunguka, kuwa popote baina ya volti 1.5 na 4.5, kwa hiyo mbili kutoka mfuko mmoja zinaweza kuachana sana.

---

Kijana_Ngomeni

Maalim, mimi ninayo redio ndogo ya kujiundia, uBITX. IRF510 zote mbili zimekufa. Rafiki yangu wa Nairobi anasema niachane nazo nitie RD16HHF1 kwa sababu umbo ni moja na matundu ya miguu ni matatu vile vile. Atanitumia kutoka Luthuli Avenue. Nitie tu?

---

Mwana_wa_Amu

Usitie tu! Umbo ni moja, miguu siyo. Ukiishika maandishi yakikutazama, miguu ikiwa chini, IRF510 kutoka kushoto ni geti, dreni, sosi (mguu unaokwenda ardhini). RD16HHF1 ni geti, sosi, dreni. Na bati la mgongoni ni kinyume pia: kwenye IRF510 bati ni dreni, lina volti za umeme, ndiyo maana linawekewa karatasi ya maika au mpira wa kuzuia. Kwenye RD16HHF1 bati ni sosi, linafungwa moja kwa moja kwenye hitisinki bila kizuizi, na hapo ndipo ubora wake wa kupoa ulipo. Ukiitia bila kupindisha miguu, volti za umeme zitaingia kwenye sosi, na dreni itashikana na ardhi. Kinachofuata unakijua.

Inawezekana kuibadilisha, wengi wamefanya, lakini miguu miwili lazima ipishane bila kugusana, na trima (rezista ya kurekebishia) ya bayasi uishushe mpaka mwisho kabla ya kuwasha. RD16HHF1 pia ina nguvu ya kukuza kubwa zaidi kwenye megahezi 30, kwa hiyo sakiti iliyotulia na IRF510 inaweza kuanza kujitetemesha yenyewe. Ukiona mita ya wati inapanda hujasema kitu, zima.

Nikwambie ukweli, mwanangu, kwa redio ya kwanza mimi ningerudisha IRF510. Bei yake inakuruhusu kujifunza. Ila ujue inaumia kwa umeme wa mwili. Geti yake haivumilii zaidi ya volti 20 kwenda kwenye sosi, na kidole kilichosuguana na zulia kina maelfu. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuishika, uiache kwenye sponji yake nyeusi mpaka dakika ya kuilehemu. Wewe unaishi kijiji ambacho satelaiti ya Uhuru ilirushwa baharini kwake, mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco. Kazi ya mikono safi isikutishe.

---

FundiStima_Msa

Hizo RD16HHF1 bandia zimejaa. Atazijuaje?

---

Mwana_wa_Amu

Swali zuri sana, na jibu lake halihitaji mashine. Kila MOSFET ya aina hii ina dayodi ya asili ndani, inayopitisha kutoka sosi kwenda dreni. Kwenye RD16HHF1 ya kweli, weka waya mwekundu wa mita kwenye bati na mweusi kwenye mguu wa tatu: dayodi inapitisha. Ukigeuza, haipitishi. Ikiwa ni IRF iliyofutwa maandishi na kuandikwa upya, itakuwa kinyume: itapitisha mwekundu ukiwa mguu wa tatu na mweusi kwenye bati. Nusu dakika, na pesa zako umeziokoa. Fanya hivyo ukiwa bado dukani.

Kwa 2SC2879 hakuna njia fupi hivyo. Zilizoandikwa upya ni nyingi kwa sababu za kweli hazitengenezwi tena. Tazama maandishi kama yanatoka kwa spiriti, tazama kama uso umesagwa, linganisha na zile zilizotoka kwenye redio yako kwa uzito na kwa unene wa bati. Ukuzaji ukipimwa uwe unakaribiana kwa mbili zote. Kuna wanaoshauri kupasua moja ili kuona ukubwa wa silikoni ndani. Rudini mkasome nilichosema juu ya berili.

Kuna mtu kaniandikia pembeni kama anaweza kutumia transista za amplifaya ya muziki wa gari, kwa kuwa wati zake ni nyingi. Hapana. Wati hizo ni za sauti, elfu chache za mizunguko kwa sekunde. Hapa tunataka milioni 7 hadi 30. Transista ya sauti kwenye megahezi 14 inageuza umeme kuwa joto tu.

---

Sabaki40

Ami, nimerudi. Nimezitoa. Pamoja na zile za kwanza, zote nne zinapima sifuri kolekta kwa emita. Volti kwenye pedi ya besi, bila transista, maiki imebonyezwa: karibu volti 4.

---

Mwana_wa_Amu

Alhamdulillah, tumekipata. Hapo ilitakiwa isome kama 0.6 au 0.7, basi. Volti 4 maana yake hakuna kinachozizuia. Ukitia transista hapo, besi itamezeshwa mkondo wote ambao rezista ya bayasi inaweza kutoa, na kolekta itafunguka wazi.

Tafuta dayodi ya bayasi. Mara nyingi imebanwa kwa skrubu kwenye hitisinki katikati ya transista mbili, au imelazwa juu ya moja yao na kupakwa pesti nyeupe. Kazi yake ni mbili: inashikilia volti zisipite 0.6 na kitu, na kwa kuwa inapata joto pamoja na transista, inazishusha volti kadiri joto linavyopanda. Bila ya hivyo transista ikipata joto inavuta zaidi, ikivuta zaidi inapata joto zaidi, mpaka mwisho wake. Miguu ya dayodi hiyo ni myembamba, hukatika hitisinki inapofunguliwa na kurudishwa bila uangalifu.

---

Sabaki40

Ni kweli kabisa! Mguu mmoja umekatika chini ya pesti, hauonekani mpaka uusukume. Nimetia dayodi mpya ya aina ile ile. Sasa inasoma 0.64.

---

Mwana_wa_Amu

Vizuri sana. Sasa unaweza kununua, na nunua jozi. Ukishaipima na kuridhika nayo, kazi iende hivi.

Safisha hitisinki mpaka chuma king'ae. Pesti ipakwe nyembamba, uone rangi ya chuma kwa chini. Nyingi inazuia joto badala ya kulipitisha. Funga skrubu kwanza, zote mbili kwa kupokezana kidogo kidogo, ndipo ulehemu miguu. Ukilehemu kwanza halafu ukakaza, bati linavutwa chini, miguu inabaki juu, na kauri inaweza kupasuka. Dayodi iguse pale ilipokuwa, na pesti yake.

Usiwashe moja kwa moja. Kata njia ya umeme inayokwenda kwenye kolekta, katikati utie taa ya breki ya gari ya wati 21. Kukiwa na kitu kimeshikana, taa itawaka kwa nguvu na mkondo hautapita ampea 2, transista zitapona. Ikiwa sawa, ukibonyeza maiki kimya taa itabaki giza au iwe nyekundu kwa mbali. Toa taa, tia mita ya ampea mahali pake, urekebishe bayasi kama kitabu cha redio kinavyosema. Kwa jozi ya namna hiyo mara nyingi ni miliampea mia chache. Kisha subiri dakika nzima maiki ikiwa imebonyezwa. Mkondo ukipanda wenyewe bila kusimama, dayodi haipati joto la transista, rudi uibane tena.

Baada ya hapo toa mita, unganisha umeme kama zamani, na anza kwa wati 10 kwenye mzigo bandia. Gusa kapasita za kichujio ukishazima: moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, nayo ina kasoro.

---

FundiStima_Msa

Na apime kila bendi. Wengi wanajaribu mita 40 pekee wakafurahi, kumbe kapasita ya kichujio cha mita 20 au 15 ilishapasuka.

---

Sabaki40

Nimekamilisha leo. Taa haikuwaka. Mkondo umetulia, umepanda kidogo ukasimama. Kwenye mzigo bandia napata wati 95 mita 40, mita 20 kama hizo hizo, mita 15 napata 60 tu.

Ila ami, nina swali. Kama jozi ya pili iliuawa na dayodi, ya kwanza nayo iliuawa na hiyo hiyo? Redio haikuwa imefunguliwa na mtu kabla ya siku ile.

---

Mwana_wa_Amu

Hapana, sidhani. Inavyoonekana mguu wa dayodi ulikatika fundi alipofungua hitisinki kutia jozi ya pili. Kwa hiyo kilichoiua jozi ya kwanza bado hatujakijua, na wewe bado hujaunganisha antena. Usiunganishe.

Umesema SWR ilikuwa nzuri. Ilipimwa lini, na ilipimwa chini kwenye redio au juu kwenye waya? Koaksi (waya unaotoka redio kwenda antena) ikishakunywa maji inameza mawimbi yanayorudi, na mita ya chini inaonyesha 1.3 wakati juu kiungo kimeoza. Teremsha waya wote. Fungua plagi zote mbili, kata koaksi sentimita 10 kila upande uangalie suka la shaba: likiwa jeusi au la kijani, kata tena mpaka ufike penye rangi safi, na kama hufiki badilisha waya mzima. Kisha unganisha mwisho wa juu na mzigo bandia, rusha wati 10, uone ni ngapi zinafika.

Na hizo wati 60 za mita 15, anza na kapasita za kichujio cha bendi hiyo kama alivyosema Fundi wa Mombasa. Leta vipimo vyote viwili hapa.